Kilo Nne za Biskuti

TANGAZO KWA WATUMISHI WOTE. Inatangazwa rasmi kwamba, kuanzia Jumatatu ya wiki hii, sahani ya biskuti iliyokuwa ikiwekwa kwenye meza ya chai, upande wa dirishani, imeondolewa kwa muda usiojulikana. Uamuzi huu umefikiwa baada ya kuthibitika, kwa mfano hai wa mtumishi mmoja wa ofisi hii, kwamba biskuti humwongezea mtu kilo nne. Sahani yenyewe itatunzwa stoo. Mwenye maoni ayawasilishe kwa maandishi.

Mfano hai ni mimi.

Tangazo lilibandikwa ubaoni saa mbili na nusu asubuhi. Kufika saa nne, wakati wa chai, nilikuwa mtu anayechukiwa kuliko wote katika jengo letu.

"Mzee, umetumaliza," karani wa masjala aliniambia, akikoroga chai ambayo haikuwa na cha kuisindikiza. "Wewe unapungua, sisi tunakonda. Hayo ni mambo mawili tofauti."

"Sikuomba liandikwe."

"Hukuomba. Ulipungua tu mbele ya Mkuu wa ofisi."

Kwa msomaji aliyeikosa safu yangu gazetini wiki zilizopita, mambo yalivyo ni haya. Mimi ni mkaguzi wa mizani. Huzunguka madukani, maghalani na hospitalini nikiwa na mawe ya shaba ya serikali, nikahakikisha kwamba kilo ya mtu ni kilo, kisha nikagonga muhuri. Muhuri wangu ni namba kumi na saba. Nina miaka hamsini na miwili, mke mmoja, na figo mbili nzima, ambazo moja yake nimemwahidi dada yangu.

Dada ni fundi cherehani. Figo zake zilichoka mwaka jana, na tangu hapo huenda hospitali mara tatu kwa wiki kusafishwa damu kwa mashine. Vipimo vilionyesha kwamba yangu ingemfaa. Daktari bingwa alikuwa na kipingamizi kimoja tu: mtoa figo awe chini ya kilo tisini. Mimi nilikuwa mia moja na moja.

Nikakabidhiwa kwa mtaalamu wa lishe, mama mfupi mwenye kalamu nyekundu, ambaye nyumbani kwetu tunamwita Bi Kalori. Aliniandikia kalori elfu moja na mia tisa kwa siku, nishuke nusu kilo kwa wiki, na si zaidi.

"Sitaki shujaa," aliniambia. "Mashujaa hunifikia hapa wakiwa wanatetemeka. Nataka mtu anayekula."

Nikala kwa mawe ya shaba. Wali, maharage, yai, kijiko cha mafuta, vyote vilipita mezani kwangu kama mali ya mshitakiwa. Wiki ya tatu nilikaribia kuzimia ngazini kwa sababu nilikuwa nikipima wali ulioiva kwa hesabu ya mchele mkavu, kosa ambalo ni mtu wa mizani tu angeweza kulifanya kwa usahihi wa namna ile. Wiki ya tisa niliacha biskuti, na wiki hiyohiyo mizani ya hospitali ikaonyesha nimeshuka kilo nne kwa mkupuo. Wiki ya kumi na sita, ambayo ndiyo iliyopita, ilisoma themanini na tisa na gramu mia tatu. Daktari akafungua kalenda yake na kupanga upasuaji: Alhamisi.

Wasomaji kadhaa wameniandikia kunipongeza. Mmoja alinipongeza kwa kurasa nne. Naomba wote wazirudishe pongezi zao mahali walipozitoa, kwa sababu leo naungama.

Ijumaa alasiri nilikwenda kwa dada kupunguziwa suruali. Nilitaka niingie hospitali Jumatano nikiwa na vazi linalolingana na rekodi yangu.

Karakana yake ni chumba kimoja: cherehani mbili, meza ya kukatia, pasi, na sanamu la mbao lisilo na kichwa ambalo yeye husema ndilo mteja wake msikivu kuliko wote. Alikuwa amekaa, miguu juu ya kigoda. Asubuhi ile alitoka kusafishwa damu, lakini miguu ilikuwa imevimba hata kamba za viatu hazikufikiana.

"Kibonge," aliniita, kwa jina ambalo hata miaka hamsini haikutosha kulifuta, "simama wima. Usivute tumbo."

"Sijavuta."

"Umelivuta tangu mlangoni. Pumua."

Nilipumua. Utepe ulisogea.

"Mia na nne," alisema.

"Haiwezekani."

Akalifungua daftari lake la vipimo vya wateja. "Haya hapa, kwa mwandiko wangu. Miezi minne nyuma ulikuwa mia kumi na mbili. Umetoka sentimita nane. Hospitali wanasema umetoka kilo ngapi?"

"Kumi na moja na gramu mia saba."

Alinitazama kama anavyomtazama mteja anayedai kwamba kitambaa kimeibwa.

"Miaka thelathini na moja nakaza na kulegeza suruali za wanaume. Kwa mtu wa umbo lako, kilo moja ni sentimita moja ya kiuno, haikosei sana. Sasa hizo kilo nne nyingine zimetokea wapi? Masikioni?"

"Dada, utepe haupimi uzito."

"Na mizani haishoni suruali. Iache hapa. Nikiikaza kwa kilo kumi na mbili itakubana, nami sitaki kiuno hicho kibanwe. Kina mzigo wangu."

Nilicheka kwa adabu, kisha nikaitazama miguu yake na kuuliza swali ambalo nilikuwa nikiliuliza kila siku kwa wiki saba.

"Umekunywa maji kiasi gani leo?"

"Kikombe kimoja na nusu. Na usianze."

Hapa yanipasa kusema jambo ambalo katika matoleo yaliyopita nililipita kimya. Mgonjwa wa mashine hupewa kipimo cha maji, na dada amepewa vikombe vitatu kwa siku. Miguu ilipoanza kuvimba, muuguzi alimkaripia mbele ya wagonjwa wenzake kwamba anakunywa kwa kificho. Dada alikataa. Mimi, mtu wa vipimo, nilimwunga mkono muuguzi. Nilimwambia dada yangu mkubwa kwamba hana nidhamu, nikachukua jagi la maji lililokuwa juu ya meza yake ya kukatia, nikaenda nalo nyumbani kwangu.

Jagi lile lilikuwa la kunyunyizia nguo kabla ya kuzipiga pasi. Alinieleza. Nikamjibu kwamba kila mlevi ana maelezo.

Sentimita nane hazikunitoka akilini. Kumtilia shaka dada ni rahisi, nimezoea. Kuutilia shaka utepe wake ni vigumu, kwa sababu hajawahi kunishonea suruali isiyonikaa.

Jumamosi asubuhi nilikwenda ofisini. Palikuwa pamefungwa, lakini mlinzi alinifungulia. Ghala letu lina mizani kubwa ya magunia. Niliijaribu kwanza kwa mawe, ishirini baada ya ishirini, mpaka mia. Haikukosea hata gramu hamsini. Ndipo nikavua viatu, mkanda na funguo, nikapanda.

Tisini na tatu kamili.

Nikashuka. Nikapanda tena. Nikashuka, nikavua saa.

"Bosi," mlinzi aliuliza kutoka mlangoni, "unapima nini leo Jumamosi?"

"Gunia."

"La nani?"

"La serikali."

Alilitazama gunia kwa muda, kisha akarudi getini.

Tofauti ilikuwa kilo tatu na gramu mia saba. Niliyapakia mawe manne ya kilo ishirini garini nikaenda hospitali, ambako wodi ya kusafishia damu iko ghorofa ya tatu na lifti ina karatasi isemayo kwamba itatengenezwa. Karatasi imeanza kugeuka njano.

Nilipanda na mawe mawili, nikashuka, nikapanda na mawili mengine. Kumbuka, msomaji, kwamba nilipanda mara mbili. Nitalirudia.

Mizani yenyewe ni ya kusimama, yenye mkono wa chuma na mawe mawili yanayoteleza juu yake. Jiwe dogo husoma kuanzia sifuri mpaka hamsini. Mtu akizidi hamsini, jiwe kubwa husogezwa kwenye pengo la hamsini, kisha jiwe dogo huongeza kinachobaki.

Niliweka jiwe la shaba la kwanza. Ishirini. La pili. Arobaini, sawasawa. Niliweka la tatu, nikasogeza jiwe kubwa kwenye pengo lake. Mizani ikasoma hamsini na sita na gramu mia tatu. Niliweka la nne. Sabini na sita na gramu mia tatu.

Basi mizani ile ilikuwa mkweli kwa watoto na mwongo kwa watu wazima. Kila aliyezidi hamsini ilimpunguzia kilo tatu na gramu mia saba bila kumuuliza.

Nikamwita fundi wa vifaa wa hospitali.

"Jiwe kubwa la zamani lilidondoka likapasuka," alisema. "Nikachonga jingine. Nikasawazisha sifuri, ikakaa vizuri."

"Uzito wa jiwe ulipimaje?"

"Nilikadiria."

"Ulikadiria jiwe la mizani?"

Akainama, akanionyesha kwa kidole nyuma ya mkono wa chuma. Palikuwa na kipande kidogo cha madini ya risasi kilichogongwa muhuri. Namba kumi na saba. Tarehe ilikuwa ya wiki yangu ya tisa.

"Mimi nilikadiria," alisema kwa upole. "Wewe ndiye uliyeipitisha."

Naungama basi. Wiki ile niliitwa kuihakiki mizani baada ya matengenezo. Sheria inataka ijaribiwe mpaka kilo themanini. Lifti ilikuwa mbovu, mawe yalikuwa manne, na mimi nilikuwa na kilo tisini na saba za mwili wangu mwenyewe za kupandisha kabla ya kufikiria za serikali. Nilipanda na mawili. Nilipofika juu nilikaa kwenye benchi la wagonjwa mpaka mmoja wao akanipisha nafasi ya kulala. Nikajaribu mpaka arobaini, nikaona yote sawa, nikagonga muhuri. Jiwe kubwa sikuligusa kabisa.

Siku mbili baadaye nilipanda mizani hiyohiyo kama mgonjwa, nikaona kilo nne zimetoweka, nikazisingizia biskuti.

Bi Kalori amewahi kunihesabia ngazi zile. Safari ya pili, ile niliyoikwepa, ingenichomea kalori kama thelathini na tano. Ni biskuti moja, isiyo na krimu.

Nilikuwa bado nimechuchumaa mbele ya muhuri wangu nilipoikumbuka miguu ya dada.

Mashine ya kusafisha damu hutoa pia maji yaliyozidi mwilini, na kiasi cha kutoa huamuliwa na mizani. Dada amepangiwa abaki na kilo sitini. Kwa wiki saba mizani yangu ilisema sitini, mashine ikazimwa, naye akarudi karakanani na karibu lita nne za maji ambazo zilikuwa hazipo katika karatasi yoyote. Hakunywa kwa kificho. Nilimgongea muhuri.

Nilirudi nyumbani saa saba. Mke wangu alikuwa amepakua. Niliweka sahani kwenye mizani ya jikoni, nikapima wali, nikaupima tena.

"Umeanza kumshuku mpishi?" aliuliza.

Nikamweleza yote. Alisikiliza akiwa ameshika kijiko cha mboga hewani.

"Yaani wiki ile ya tisa nilikununulia shati la bure."

"Shati linanikaa."

"Linakukaa kwa sababu ulilipasua mgongoni ukanificha. Haya. Leo Jumamosi. Huwezi kufunga kula mpaka Alhamisi?"

Nilikuwa nimeshapiga hesabu hiyo njiani. Kilo moja ya mwili ni kama kalori elfu saba na mia saba. Mwili wangu hutumia kama elfu mbili na mia nne na hamsini kwa siku. Hata nikifunga mdomo kabisa, nisionje hata chumvi, kilo tatu zingenichukua zaidi ya siku tisa. Nilikuwa nazo tano. Tena wagonjwa wanaokwenda kupasuliwa huchukuliwa damu na mkojo siku moja kabla, na Bi Kalori huwatambua wanaojishindisha njaa kabla hawajaketi.

"Basi nyamaza," mke wangu alisema. "Kilo tatu ni nini? Alhamisi watampa figo, figo itatoa maji, miguu itanywea yenyewe. Wewe utapungua ukiwa umelala. Nani anayejua? Wewe na fundi, na fundi hatasema kwa sababu yeye ndiye aliyechonga."

Hoja hiyo ilikuwa imejengwa vizuri kuliko nyingi nilizozisikia ofisini. Ilikuwa na ufa mmoja. Kabla ya Alhamisi kulikuwa na Jumatatu na Jumatano, na siku hizo mbili dada angepanda mizani ile tena. Daktari alishamwonya kwamba maji yakikosa nafasi miguuni hupanda mapafuni.

"Nitasema," nilimwambia.

"Utapoteza muhuri."

"Nimeshaupoteza. Hawajaja kuuchukua tu."

Aliusogeza wali karibu nami. "Gramu mia na hamsini ndizo hizo. Kula. Hasira haina kalori."

Jumapili nililibeba jagi mpaka karakanani. Dada alikuwa akipachika vifungo kwenye joho la mtu wa kuhitimu. Aliliona jagi kabla ya kuniona mimi.

"Limekosa nini kwako mpaka linarudishwa?"

Nilisimama katikati ya chumba, karibu na sanamu lisilo na kichwa, nikaeleza. Sikuacha kitu: lifti, mawe mawili, benchi, muhuri, jiwe kubwa. Alipachika vifungo vitatu nilipokuwa nasema. Cha nne hakukimaliza.

"Wiki saba, Kibonge."

"Wiki saba."

"Nimelala nimekaa. Nikilala chali nakosa pumzi. Nikasema labda kweli nakunywa nikiwa usingizini. Nikawa naficha vikombe vyangu mwenyewe."

Nililihamishia jagi mkono wa pili.

"Na wewe uliniita mwongo mbele ya yule muuguzi."

"Nilisema huna nidhamu."

"Hilo ni neno lilelile likiwa limevaa tai."

Alikata uzi kwa meno.

"Ukisema, Alhamisi inaondoka," alisema.

"Inaondoka."

"Umebakiza wiki ngapi, kwa nusu kilo zako?"

"Sita za kufika tisini. Saba za kuwa chini yake."

"Saba nyingine." Aliitazama miguu yake. "Usiposema, nipandishwe kesho kwenye takataka ile, wanipunguzie kikombe. Kaseme. Ila sikiliza. Usije ukaacha kula kwa aibu. Nakujua. Ukiona haya unajitesa, halafu unataka watu wakuonee huruma. Kalori zako ni zilezile elfu moja na mia tisa. Sitaki figo iliyokonda."

"Sawa, dada."

"Na jagi liweke pale lilipokuwa. Si hapo. Pale."

Jumatatu asubuhi nilimfuata muuguzi kabla hajawasha mashine. Nilitegemea kelele. Alinisikiliza, akachuchumaa mbele ya dada, akabonyeza mguu wake kwa kidole gumba. Shimo lilibaki pale, halikutaka kurudi.

"Mama," alimwambia, "nilikugombeza."

"Ulinigombeza sana. Hata yule bwana wa kitanda cha tatu aliacha kunisalimia."

Daktari bingwa aliitwa. Aliagiza maji ya ziada yatolewe kidogo kidogo, siku hadi siku, kwa kuangalia shinikizo la damu. Kwa kuwa mizani haikuaminika tena, dada alitoa utepe wake mkobani, akaufungia kwenye kifundo cha mguu, akamsomea muuguzi sentimita. Muuguzi aliziandika. Walipomaliza mchana ule zilikuwa zimepungua mbili, na dada alisema jioni angejaribu kulala chali.

Bi Kalori alinipokea ofisini kwake bila kusimama. Alifungua chati yangu, akachukua kalamu nyekundu, akaikata wiki ya tisa kwa mstari mmoja.

"Nilijua," alisema. "Hakuna mwili unaotoa kilo nne kwa wiki kwa sababu ya biskuti."

"Mbona hukusema?"

"Mizani ilikuwa na muhuri wa serikali."

Akahesabu upya. Mia moja na moja kutoa tisini na tatu, kilo nane. Kugawa kwa wiki kumi na sita, nusu kilo. Alirudia hesabu, kisha akaiweka kalamu chini.

"Umefanya nilichokuomba bila kuzidisha wala kupunguza," alisema. "Wagonjwa wangu wengine wote hudanganya angalau kijiko cha sukari. Pole sana."

Jumanne, Kamati ya Pamoja ya Hospitali na Ofisi ya Mizani iliketi kwa saa nne, ikanywa chai bila biskuti, ikatoa uamuzi wenye vipengele sita na mihuri miwili. Nililetewa bahasha nikiwa karakanani kwa dada, wakati wa chakula cha mchana. Alininyang'anya, akavaa miwani.

"Moja," alisoma. "Mizani ya ghorofa ya tatu isitumike mpaka ihakikiwe upya. Afadhali. Mbili. Uzito wote uliokwisha kusomwa kwenye mizani hiyo ubaki halali, kwa kuwa wakati ukisomwa muhuri ulikuwa halali."

"Ndiyo," nilisema.

"Ndiyo nini? Kwa hiyo mimi bado ni sitini?"

"Kwa maandishi."

"Tatu. Upasuaji ubaki Alhamisi kama ulivyopangwa, ili ratiba ya chumba isivurugike, mradi mtoa figo apimwe upya Jumatano na kuthibitika kuwa chini ya kilo tisini, kwenye mizani iliyohakikiwa. Hiyo mizani iliyohakikiwa iko wapi?"

"Zote za hospitali zina muhuri namba kumi na saba. Zimesimamishwa."

"Nani wa kuzihakiki?"

"Soma ya nne."

"Nne. Uhakiki ufanywe na mkaguzi wa eneo." Aliinua macho. "Si wewe?"

"Soma ya tano."

"Tano. Mkaguzi wa eneo, kwa kuwa ndiye mtoa figo, ana maslahi katika shauri hili. Asiikaribie mizani ya aina yoyote mpaka shauri lake litakaposikilizwa mwezi ujao."

Dada alivua miwani, akaifuta kwa pindo la joho la mhitimu.

"Ngoja nielewe. Kesho lazima upimwe. Wa kuipitisha mizani ya kukupimia ni wewe. Na wewe umekatazwa kuigusa."

"Kuikaribia."

"Na usipopimwa?"

"Hakuna Alhamisi. Wala hakuna aliyeifuta, kwa hiyo hakuna wa kupanga tarehe nyingine."

Sahani yangu ilikuwa mezani, kati ya mkasi na jagi. Niliunyooshea mkono mfuko wangu, ambamo hubeba mizani ndogo ya jikoni, nikausimamisha mkono hewani. Mizani ya aina yoyote.

Dada aliona. Aliuchukua wali wangu, akaukadiria kwa kikombe chake cha maji, akarudisha sufuriani vijiko viwili.

"Kula," alisema. "Hapo pana kalori zako. Nimekadiria."

Nilikula chakula cha kwanza katika wiki kumi na sita ambacho sikukijua uzito wake. Yeye alirudisha miwani puani, akaigeuza karatasi.

"Kuna ya sita huku nyuma."

"Isome."

"Sita. Kamati inampongeza mtoa figo kwa kufikia kilo themanini na tisa na gramu mia tatu kwa kujinyima biskuti, na inaagiza kwamba, kuanzia Jumatatu ijayo, sahani ya biskuti ya hospitali nayo iondolewe."